Boma la Mto Halijengwi kwa Sabuni

Mwaka 1967 nilikuwa na miaka tisa, na shida ilianza mwaka ule. Baba alikufa kwa homa wakati mpunga unatoa mashuke, na ndege hawangoji matanga. Kesho yake baada ya mazishi nilikuwa nimesimama shambani na kipande cha bati, nakigonga na kupiga kelele ili wasitumalize. Shuleni nilikuwa nimefika mwaka wa pili. Sikurudi. Kuandika haya unayoyasoma nilijifunza mwenyewe, kanisani na baadaye kambini. Mwenye kutafuta makosa ayatafute, yapo.

Kwetu ni bonde la Ruzizi, upande wa Kongo. Babu zetu walilima walichotaka mpaka Wabelgiji walipokuja na kamba, wakapima bonde kama fundi anavyopima kitambaa, wakampa kila mtu ukanda wake na kumwambia: pamba. Hutaki pamba? Fimbo. Babu yangu alikuwa na makovu mgongoni ya pamba ambayo hakuwahi kuivaa. Walipoondoka tukapanda mpunga, na mpunga ndio ulionilea. Nililima ukanda wa baba pamoja na mama, mama alipokufa nikalima peke yangu, nikazaa, nikazika mume, nikalima. Mwaka 1996 vita vikatutoa. Nilitoka na watoto na sufuria moja. Tukakaa kambini Tanzania hadi watoto wakawa watu wazima kwenye foleni ya unga, na mwaka 2013 ndege ikatushusha Louisville, Amerika.

Nasema haya ili ujue ni nani anayemcheka nani katika habari hii. Mimi sikuacha shamba, nilifukuzwa kwa risasi. Kuna watu waliofukuzwa na hamu ya viatu.

Mwaka 2014 nilikuwa kwenye kiwanda cha kufua mashuka, ya hoteli na ya hospitali. Mashuka yanatoka mabichi kwenye mashine kubwa na yanaingia kwenye pasi ndefu ya mvuke. Watu wawili wanalishika shuka, huyu upande huu na yule upande ule, wanalinyoosha, wanailisha pasi. Wawili hao lazima wawe na kimo kimoja, la sivyo shuka linaingia mshazari na kutoka limekunjamana. Supavaiza alitutazama kama mbuzi wa mnada, akachagua wafupi wawili: mimi na mwanamke mmoja wa Ufilipino.

Alikuwa anakaribia miaka sitini kama mimi, lakini nywele alizitia weusi, na midomo aliipaka rangi nyekundu, ya kupigia pasi mashuka ya wagonjwa.

"Unampakia nani hiyo rangi?" nilimwuliza. "Pasi?"

"Ate, mume anaweza kutokea kwenye mashine yoyote."

Ate kwa lugha yao ni dada mkubwa. Yeye ndiye aliyenizidi kwa miezi kadhaa, lakini alisema mimi nina sura ya dada mkubwa, maana yake sura ya kukasirika. Kiingereza chetu kilikuwa kimevunjika mahali pamoja, donc, yaani kwa hiyo, tulielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na waliokijua.

Siku moja wakati wa chakula akanionyesha kwenye simu picha ya mashamba ya mpunga. Nikamwambia asinidanganye, mtu mwenye kucha zile hajawahi kuingia matopeni. Akacheka. Alizaliwa matopeni, akasema. Na kuanzia hapo, shuka kwa shuka na chakula kwa chakula, akanieleza mji wake.

Uko kaskazini mwa kisiwa kikubwa cha kwao, umebanwa kati ya bahari na mlima kama mtu wa katikati kwenye pikipiki ya watatu. Ardhi kidogo, watu wengi. Wakati wa mvua ni mpunga, wakati wa kiangazi ni kitunguu saumu na tumbaku. Zamani wakubwa wao walikuwa Wahispania. Walijenga kanisa la matofali lenye kuta nene kama gereza, kwa mikono ya wenyeji bila shaka, halafu wakawaambia: tumbaku. Hutaki tumbaku? Fimbo. Hapo niliacha kutafuna. Nikamweleza habari ya pamba na mgongo wa babu.

"Labda wazungu wetu na wazungu wenu walisoma shule moja," akasema.

Baadaye wanaume wa mji wakaanza kuondoka, kwenda kukata miwa Hawaii na kuvuna mboga Kalifonia. Wachache walirudi wazee, na suti nyeupe na jino la dhahabu, wakanunua mashamba na kuoa wasichana. Basi kila mtoto akajifunza kwamba njia ya kupata shamba ni kulikimbia. Ujinga ule una umri mkubwa kuliko mimi. Yeye naye aliukimbia mji, akalea watoto wa watu Hongkongi, wake hakuzaa, kisha akaolewa na Mmarekani aliyekufa mapema. Alinionyesha nyumba alizojenga wenzake waliotoka: nguzo, vigae, ngazi ya kuzunguka, na ndani hakuna mtu ila mlinzi na mbwa. Nikamwambia huo si mji, ni makaburi yenye madirisha.

Lakini lilikuwapo jambo moja katika mji ule nililojaribu kulicheka nikashindwa. Zamani, wasio na ardhi walimwendea mwenye ardhi kavu wakamwambia: sisi tutakuletea maji, wewe tupe sehemu ya ardhi. Wakachimba mfereji kwa jembe na mtaimbo, wakazuia mto kwa boma la mianzi, mawe, mchanga na majani. Kisha ardhi waliyopewa wakaikata kwa akili. Hawakumpa mtu shamba moja. Kila fungu, yaani sehemu ya mtu mmoja, lina vipande: kimoja kichwani mwa mfereji, maji yanapoanzia, kimoja katikati, na kimoja mkiani. Maji yakipungua, hakuna anayecheka, kila mtu ana kipande kinachokauka. Na mkubwa wa chama chao cha maji huongezewa kipande mkiani kabisa, mwishoni, ili asilale mpaka maji yafike kule. Nimeona wakubwa wengi maishani, wa serikali, wa kambi, wa kanisa. Sijaona aliyepewa kipande cha mkiani.

Na boma lile la mto halikai. Kila mwaka mafuriko yanalichukua, na kila mwaka baada ya mvua wenye mafungu wote wanaingia mtoni kulijenga upya. Wanapika pamoja, wanakula pamoja ukingoni. Fungu la ardhi si karatasi. Ni mtu aliyesimama majini. Kwetu serikali ilipoita salongo, kazi ya bure ya wote, kila mtu alikumbuka ugonjwa wake. Wale hawaugui, kwa sababu anayeugua ugonjwa wa uvivu anapoteza mpunga.

Fungu la baba yake yule mwenzangu sasa lilikuwa lake, na alilipenda. Kaka yake alikuwa na fungu lingine, la upande wa marehemu mke wake. Miaka yote kaka alisimama kwa lake, na kwa la dada aliweka kibarua. Na dada, ili moyo utulie, alituma sanduku.

Sanduku hilo lazima nilieleze, kwa sababu Wafilipino wote wana ugonjwa huo. Ni boksi kubwa ambalo mbuzi angelala ndani yake. Kwa miezi wanalijaza: sabuni, taulo, kahawa, nyama ya kopo, chokoleti, viatu vya watoto ambao hawajawaona. Kisha linakwenda kwa meli. Nilikwenda kwake Highview, apatimenti ya ghorofa ya juu, kumsaidia kulifunga. Mimi ndiye niliyepanda juu ya kifuniko nikakikandamiza kwa magoti ili apitishe utepe wa gundi.

"Nyama ya kopo," nikasema. "Kwenu hakuna ng'ombe?"

"Wapo, Ate. Lakini hawa wametoka Amerika."

"Ng'ombe hawa wamekufa wakiwa kwenye kopo. Na sabuni? Hawaogi mpaka wewe utume?"

"Wakifungua boksi wananusa, wanasema: huyu bado ni wetu."

Mwanzoni mwa 2015 kaka yake akapiga simu. Mwaka uliopita tufani ilichukua boma, na vibarua wa watu wa ng'ambo, ambao sasa ni wengi kuliko wenyewe, walilijenga kama mtu anavyojenga choo cha jirani. Likapasuka mpunga ukiwa unachanua. Maji hayakufika mkiani, na wenye mpunga wakakata majani makavu ya kulisha nyati wao wa kufugwa. Wazee wa chama wakakaa, wakasema basi. Boma lijalo, baada ya mvua za mwaka huu, kila fungu liwe na mwenyewe au mtu wa damu yake, mtoni, mwanzo hadi mwisho. Mtu mmoja, fungu moja. Lisilo na mtu linarudi kwa walio na watu.

Kaka alikuwa na wana wawili, wote mabaharia kwenye meli za wengine. Kwa hiyo fungu la dada halikuwa na mtu, ila dada mwenyewe.

Aliniambia haya tukiwa tumeshika shuka. Nikadhani amemaliza, lakini la, alikuwa na mpango.

"Nitatuma masanduku mawili," akasema. "Wazee wote wa chama wapate taulo na kahawa. Na nguruwe wa karamu nitamlipia mimi."

"Na nguruwe atabeba mawe?"

"Ate, wewe hujui watu wetu. Wataona haya."

"Watakula, watajifuta kwa taulo, na shamba watalichukua. Mimi ningelichukua."

Zamu ilipoisha akaenda moja kwa moja kununua taulo. Masanduku yakaenda. Jibu likaja kupitia kwa kaka: wazee wanashukuru, kahawa ni nzuri, na mvua zikikatika watamtazamia mtoni.

Mwezi wa saba tulifiwa na shangazi huko Lackawanna, karibu na Buffalo, ambako mdogo wangu wa kiume anakaa. Nilipanda basi hadi Columbus. Binti yangu anakaa Gahanna, pembeni mwa Columbus, anafanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Akanichukua kwa gari lake, tukaenda.

Matanga ya siku hizi nayajua. Wanawake wako jikoni, wanaume wamekaa kwenye viti vya kukunja wanagawana Kongo. Huyu ana kilima, yule ana mashamba kuanzia nyuma ya kanisa hadi mtoni. Watu ambao hapa Amerika wanashindwa kukata majani mbele ya nyumba mpaka mji uwaandikie onyo, kule wana mahekta. Mmoja alisema anafikiria kununua trekta. Alikuwa na kiatu kimoja kimefunguka soli.

Mdogo wangu, ambaye ni shemasi na anapenda kusimama anapozungumza, akaniita pembeni.

"Dada, shamba la baba lipo. Nimeongea na watu wa kule. Kuna mtu wa mlimani ameingia tangu vita, analima kama kwake. Bon, tunachanga tuweke wakili, tumtoe."

"Mtoeni," nikasema, na nikawa wa kwanza kutoa mchango. Nilitoa mbele ya wanaume wote ili waone mwanamke asiye na mdomo wa hekta anavyotoa.

Tulipokuwa njiani kurudi, binti yangu akauliza, kwa Kiingereza, mimi naandika kwa lugha ya watu: "Mama, mkimtoa huyo mtu, nani atalima?"

"Ni shamba la babu yako."

"Nimesikia. Nani atalima? Wewe? Mimi? Mjomba na suti yake?"

Nikamwambia atazame barabara. Mtoto aliyekulia kambini, hajui mpunga unavunwa na nini, ananiuliza habari za shamba. Nilimnunia hadi Gahanna na nikala chakula chake nikiwa nimenuna.

Huko Louisville yule Mfilipino alikuwa amekwenda kwa supavaiza kuomba ruhusa ya miezi miwili. Supavaiza, kijana aliyekuwa anatafuna kitu saa zote, akamwambia aende tu, lakini nafasi yake haitamngoja. Mwaka ule kila kazi ilikuwa na watu wanaoingoja mlangoni.

Sasa akaanza kuyumba. Leo anakwenda, kesho haendi. Magoti yanauma. Bima ya hospitali itakatika. Mtoni kuna ruba. Atakuwa kichekesho. Nilisikiliza wiki nyingi, na mimi si mtu wa kusikiliza.

"Niambie," nikasema, "mimi nilitokaje shambani kwangu?"

"Kwa vita, Ate."

"Kulikuwa na mtu aliyenipigia simu kuniambia: mama, mvua zikikatika njoo, tunakutazamia?"

"Hapana."

"Wewe wamekuita kwa jina. Wamekuwekea muda. Hakuna anayekupiga risasi. Na unaniletea mimi habari ya magoti? Kaa. Kaa hapa unyooshe shuka la mtu aliyelikojolea, na midomo yako hiyo. Wape shamba walio na miguu."

Akaachia shuka. Likaingia kwenye pasi peke yake, likajikunja, mashine ikalia na kusimama, na kijana akaja na matusi yake. Siku iliyofuata alikuja na kucha zilizokatwa.

Aliondoka mwezi wa kumi. Hakubeba sanduku, alisema mizigo mingi inamtia mtu aibu mtoni. Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege kwa basi la mji, nikamkosoa viatu, nikamkosoa mkoba, nikarudi kazini. Wakanipa mwenzangu mpya, kijana mrefu wa Somalia, mpole, na mashuka yetu yote yalitoka mshazari.

Kisha siku moja, nikiwa nyumbani nachambua maharagi, simu ikalia na sura yake ikatokea. Nyuma yake kulikuwa na mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa, na watu wengi ndani yake, wanaume na wanawake, wanapokezana mawe na vifurushi vya majani, wanavipanga kati ya mianzi iliyosukwa. Yeye alikuwa na maji mapajani. Kofia ya majani, shati la mikono mirefu, uso umeungua. Midomo ilikuwa nyekundu.

"Ate, unaona?"

"Naona mwanamke mzee amelowa."

"Siku ya kwanza walinicheka. Waliniita Hawaii. Walisema Hawaii akae kivulini na apike wali. Nikasema sitapika. Niliteleza, nikanywa mto. Mzee wa chama akaja mwenyewe akanionyesha pa kukanyaga. Jana kaka ameambiwa: fungu limesimama."

"Lote?"

"Lote. Kichwani, katikati, mkiani. Lakini, Ate, ni kila mwaka. Nikikosa mwaka mmoja wanalichukua. Kwa hiyo sirudi."

"Nani amekuuliza?" nikasema.

Akacheka, na mtu fulani nyuma yake akapiga kelele kwa lugha yao, nadhani ya kumwambia aache simu abebe mawe. Kabla hajakata akaniuliza, si kwa ubaya, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani: "Na shamba la baba yako, nani amesimama pale?"

Nikamwambia mtandao mbaya. Nikakata.

Nilikasirika hadi maharagi yakaisha. Nani amesimama pale? Mtu wa mlimani. Watoto wake wamezaliwa pale. Yeye ndiye anayegonga bati ndege wakija. Huu ni mwaka wake wa ngapi matopeni, wakati mimi nipo Kentucky nanyoosha mashuka? Na mimi, niliyewacheka wenye suti na wenye mahekta na wenye masanduku, nilikuwa nimetuma kitu gani kule? Mchango. Mchango nao hauwezi kubeba jiwe. Mimi si mtu wa kupima watu kwa kibaba kimoja na nafsi yangu kwa kingine. Kipimo nikikishika, kinanipima na mimi, na kama kinauma, basi na kiume.

Nikampigia mdogo wangu huko Lackawanna.

"Nitoe kwenye habari ya wakili," nikamwambia. "Na umwambie huyo mtu alime."

"Dada, unatupa urithi wa baba?"

"Baba aliupata kwa nani? Kwa kamba ya Mbelgiji. Baba akaulima, ukawa wake. Nikaulima, ukawa wangu. Sasa huyo anaulima."

"Ni mvamizi."

"Basi nenda wewe. Nikukatie tiketi? Wazee wa Ufilipino wanakwenda mtoni na magoti yao. Wewe una miaka hamsini na suti. Nenda ukasimame kwenye ukanda ule mvua hii na mvua ijayo, nami nitasema shamba ni lako, nitaapa kwa kaburi la mama. Huendi?"

Akasema mambo ya kazi, ya watoto wa shule, ya usalama kule. Yote ya kweli. Nikamwambia yote ni ya kweli na mpunga hausikii. Akaacha kunisemesha hadi Krismasi. Wanaume wa viti vya kukunja wakaniita mwanamke aliyeuza nchi. Kuuza! Sikupata hata gunia. Wale waliendelea kuchanga, wakili akaendelea kula, na hadi leo hakuna aliyekanyaga pale.

Mimi nikaacha kusema "shamba langu". Ni neno gumu kuliacha. Ulimi ulilirudia kama jino lililong'oka. Na nikafanya lingine: nikaacha kuishi kama mtu anayengoja kurudi, maana nilikuwa sijatundika hata pazia. Nikachukua zamu mbili, nikasumbua watu wa benki kwa Kiingereza changu mpaka wakachoka, na mwishoni mwa 2016 nikanunua nyumba ambayo Wamarekani waliikataa kwa sababu ya paa. Hakuna aliyenisaidia. Mdogo wangu alikuja kuibariki, akasimama, akasema mengi.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vitatu, kusini mwa Louisville, imekwisha kulipwa. Paa jipya. Uwanja wa nyuma, nimeung'oa majani yote, napanda mchicha wetu wa lengalenga, maharagi, mahindi na biringanya, na kila siku ya kiangazi nipo ndani yake mwenyewe. Majembe mawili. Gari moja, linawaka. Friza kubwa. Mashine ya kufulia, na pasi ndogo ambayo siitumii. Kiwanja cha kaburi, kimelipwa. Bonde la Ruzizi, sina kitu.